Kuopoa Boya ni Kazi ya Watu na Vyombo, si ya Mtumbwi na Kamba



Safari hii nataka kueleza kazi ya kuopoa maboya majini ili yafanyiwe matengenezo. Najua wengi mtashangaa. Mtasema, sisi tunakata miwa, tunachagua tumbaku, tunabeba magunia, sisi na maboya wapi na wapi? Ngojeni kidogo. Viwanda vingi vinavyovuta maji kutoka ziwani au mtoni huweka boya la kuonyesha mahali mdomo wa bomba ulipo, ili mitumbwi na nyavu zisipite juu yake. Vingine vina mstari mzima wa maboya yaliyofungwa pamoja, kazi yake kuzuia magugu maji yasiingie katika bomba. Vitu hivyo havikai milele. Rangi hubanduka, mnyororo huliwa na kutu, taa huzima. Basi siku moja asubuhi nyapara huja mbele ya mstari wa vibarua na kuuliza, “Nani hapa anajua maji?”

Na hapo ndipo jina letu linapotuponza. Tajiri wa kusini akisikia “West Nile” hudhani sote tumezaliwa ndani ya mto. Mimi ni mtu wa Dadamu. Arua na sehemu zake ziko juu, yapata mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na Nile iko chini huko, nusu ya kimo hicho. Kutoka Arua mpaka Pakwach, penye daraja, ni zaidi ya kilomita mia moja. Sisi tuna Enyau, mto mdogo wa kufulia nguo. Mlugbara wa milimani anaweza kulima tangu alfajiri hata jua litue, lakini ukimtia katika maji marefu hana tofauti na mtoto. Ndugu zetu Waalur wa Panyimur na Wamadi wa Laropi ndio wanaoishi na maji, na hao ndio wa kwanza kukuambia kwamba maji hayazoeleki. Lakini kibarua akiulizwa kama anajua maji, anajua pia kwamba anayesema “sijui” huenda kesho asiitwe kazini. Basi anasema “najua, bwana”. Kwa neno hilo moja watu wamekufa.

Yafaa tujue kwanza boya ni kitu gani. Watu huona kile kinachoelea juu, pipa la chuma au la plastiki lenye rangi, wakadhani ndilo boya lote. Kumbe hilo ni kichwa tu. Chini yake kuna mnyororo, na chini ya mnyororo kuna jiwe la zege au la chuma lililokaa katika tope, ndilo linalozuia boya lisichukuliwe na mkondo. Mnyororo umeunganishwa kwa pingu za chuma zenye pini, na katikati pana kiungo kinachozunguka ili mnyororo usijisokote boya linapogeuka. Ukiopoa boya, unaopoa vyote hivyo.

Mimi sikusoma sana, nilimaliza shule ya msingi tu, lakini hesabu hii kila mtu anaweza kuifanya. Zege lenye upana, urefu na kimo cha mita moja lina uzito wa kilo 2,400 hivi. Likiwa ndani ya maji, maji yanalibeba kwa kilo 1,000, basi mwenye kulivuta anasikia kilo 1,400 tu. Sasa chukua jiwe dogo, la nusu mita kila upande, kama yale yanayotumika penye mabomba ya viwanda. Nchi kavu lina kilo 300, yaani mifuko sita ya sukari ya kilo hamsini. Ndani ya maji linakuwa kilo 175. Watu watatu wenye nguvu wanavuta wanasema, “aa, linakuja, si zito.” Linakuja kweli. Lakini likianza kuchomoza juu ya maji, yale maji yaliyokuwa yakilibeba yanaliacha, na mzigo unaongezeka kilo 125 zaidi papo hapo, wakati ambapo mtumbwi tayari umeinamia upande mmoja. Ongeza mnyororo: mnyororo wenye unene wa milimita 20 una kilo tisa hivi kwa kila mita, basi mita kumi ni kilo 90.

Na bado hatujahesabu tope. Jiwe lililokaa miaka mitano limezama katika tope, na tope hulishika kama vile mguu unavyoshikwa katika shamba la mpunga. Unaweza kuvuta kwa nguvu iliyo mara mbili ya uzito wa jiwe na lisitoke. Kisha linatoka kwa ghafla. Kamba iliyokuwa imekaza inalegea, waliokuwa wakivuta wanaanguka nyuma, na chombo kinayumba kwenda upande wa pili. Hapo ndipo mahali pa hatari kupita pote, kwa kuwa kila mtu alikuwa ameegemea kamba.

Nilikuwa mjumbe wa chama katika kiwanda kimoja cha kusini, jina lake naliacha, mwaka 2009. Boya la bomba la maji lilikuwa limelala upande, na pampu ilikuwa ikivuta majani. Kiwanda kilikuwa na mkataba na watu wenye mashua ya winchi, lakini hao walitaka fedha, na ilikuwa mwisho wa mwezi. Msimamizi akawachukua vibarua watatu, mtumbwi wa kukodi, na kamba ya nailoni ya kufungia mizigo ya lori. Jaketi za kujiokolea zilikuwapo, mbili, zimefungiwa stoo, na mwenye ufunguo hakuja siku hiyo kwa kuwa ilikuwa Jumamosi. Wakaenda. Walifunga kamba kwenye mnyororo, wakaipitisha juu ya ubavu wa mtumbwi, wakavuta wote watatu upande mmoja. Mmoja wao, kijana wa kwetu, aliona kamba inateleza kwa unyevu, akaizungusha mara mbili katika kiganja ili aishike vizuri. Jiwe liling'oka, mtumbwi ukajaa maji, ukapinduka. Wawili walishika lile lile boya wakaokoka. Wa tatu alikwenda na kamba.

Nilikuwapo walipomtoa. Kamba ilikuwa bado mkononi mwake. Nitarudi baadaye kueleza jinsi kiwanda kilivyosema kuhusu fidia, maana hilo nalo lina mafunzo yake.

Sasa, kazi hii inafanywaje na watu wanaoijua? Bandarini Mombasa na Dar es Salaam, na katika bandari za Ziwa Victoria, kuopoa boya ni kazi ya chombo chenye sitaha pana, winchi au kreni, na mabaharia waliofundishwa. Hata huko watu wanaumia. Lakini kuna utaratibu, na utaratibu huo hata mtu wa kiwandani anapaswa kuujua ili aweze kusema, “hapa hamna kazi, hapa pana mauti.”

Kazi huanza nchi kavu, siku moja au mbili kabla. Mtu anaketi na karatasi anauliza: boya hili lina uzito gani, jiwe lina uzito gani, kina cha maji ni mita ngapi, mnyororo uliwekwa mwaka gani? Kama hakuna anayejua, basi huchukuliwa uzito mkubwa unaoweza kuwa, si ule mdogo. Kisha huangaliwa winchi, waya wake, kulabu yake, na mikanda ya kunyanyulia. Kila kimoja kimeandikwa uzito unaoruhusiwa kunyanyuliwa, na kile kilicho dhaifu kuliko vyote ndicho kinachohesabiwa. Kulabu ya tani tano haisaidii kitu ikiwa imefungwa kwa mkanda wa tani moja. Hapo ningependa wajumbe wetu wawe wakali. Mkanda usio na maandishi, au uliochanika pembeni, au waya uliotoka nyuzi, huo si wa kazi.

Jambo linalosahauliwa mara nyingi ni wale wanaolitegemea boya. Ukiliondoa, njia ya maji inabaki bila alama. Mwenye feri anayepita jioni hajui. Kwa hiyo hapana budi kuwapasha habari wenye vyombo, wavuvi wa pale na wakuu wa kivuko, na kuweka alama ya muda mahali pake, au kuwa na boya la akiba la kulishushia hapo hapo. Rangi nazo zina maana. Katika mkutano uliofanyika Tokyo mwezi wa Novemba 1980 mataifa yalikubaliana kuacha namna zaidi ya thelathini za maboya zilizokuwa zikitumika duniani. Kwetu Afrika, mwenye kuingia bandarini kutoka baharini huacha boya jekundu mkono wa kushoto na la kijani mkono wa kulia. Marekani ni kinyume. Boya la manjano huonyesha mambo ya pekee, kama bomba au waya uliolala chini, na ndilo linalowahusu zaidi watu wa viwanda. Kibarua akipaka rangi iliyokuwapo stoo kwa sababu ya manjano imekwisha, ameandika uongo juu ya maji.

Asubuhi ndiyo saa ya kazi, kabla upepo haujaamka. Wavuvi wa Ziwa Albert wanajua jinsi dhoruba inavyoshuka kutoka milima ya upande wa Kongo, unaona ziwa limetulia kama sahani na baada ya muda mfupi mawimbi yamesimama. Kama upepo umeanza, kazi inaahirishwa. Tajiri atasema siku imepotea. Siku inaweza kupotea.

Chombo hulikaribia boya kikiwa kimeelekea kule maji yanakotoka, yaani omo inatazama mkondo. Sababu ni kwamba kwa kwenda kinyume cha mkondo unaweza kupunguza mwendo mpaka ukasimama na bado usukani unashika. Ukija na mkondo, maji yanakutupa juu ya boya, na mnyororo ulio chini unaingia katika propela. Ndiyo maana watu wa Nile hawalali upande wa juu wa boya, hata kama wanaona ni rahisi zaidi.

Kulishika boya hutumiwa mti mrefu wenye kulabu, mtu akiwa amesimama ndani ya chombo. Kuna mtindo wa kijana mmoja kurukia boya na kulipanda kama punda ili afunge kamba. Watu wakubwa kabisa wa kazi hii wamekufa kwa mtindo huo, maana boya huzunguka chini yake na kumweka kati ya chuma na chuma. Mkono au mguu usikae kati ya boya na ubavu wa chombo, hata kama maji yametulia. Boya la tani moja likisukumwa na wimbi dogo tu huponda mfupa.

Kabla ya kunyanyua, huangaliwa lile pete la juu ambalo kulabu itashika. Kama kutu imelila, halitumiki. Hupitishwa mkanda kuzunguka boya lote. Kisha mtu mmoja, mmoja tu, ndiye anayetoa ishara kwa mwenye winchi. Mkono wa mtu yeyote ukinyanyuliwa kusema “simama”, winchi inasimama bila kuuliza, lakini ishara ya kupandisha ni ya mtu mmoja. Nimeona kazi za kiwandani ambapo watu wanne wanapiga kelele, “Pandisha! Teremsha! Ngoja!” na mwenye mashine anamsikiliza mwenye sauti kubwa. Hiyo ni kazi ya soko la Arua siku ya mnada.

Waya au kamba inapokaza, wote husimama pembeni, wala si katika mstari wake. Kamba ya nailoni hunyooka kama mpira. Ikikatika hurudi kwa nguvu ya kukata mguu wa mtu, na huwezi kuiona ikija. Hakuna kuruka juu ya kamba iliyokaza, hakuna kuigusa kwa mguu kujua kama imekaza. Jiwe likikataa kutoka katika tope, watu wenye busara hawaongezi nguvu kwa ghafla. Hukaza kiasi, hufunga, na kungoja. Maji huingia taratibu chini ya jiwe na tope huachia. Nusu saa ya kungoja, watu wakinywa chai upande wa pili wa sitaha, imeokoa wengi kuliko nguvu za mikono.

Boya likisha kuwa sitahani, mnyororo bado unaning'inia na jiwe chini yake. Huo mnyororo lazima ushikwe na kizuizi cha chuma kilichofungwa katika sitaha kabla ya mtu yeyote kuweka mkono kufungua pingu. Si kushikwa na kamba, si kushikwa na mtu. Boya nalo lifungwe na kutiwa kabari kila upande, kwani kitu cha mviringo hakikai.

Sasa kuna kitu ambacho hakionekani, nacho ni gesi. Maboya yenye taa yana betri, na betri za asidi zinapochajiwa na paneli ya jua hutoa gesi inayoweza kulipuka. Kama betri zimefungiwa ndani ya boya kwa miezi, ukifungua kifuniko na sigara mdomoni, au ukikikata kwa moto kwa sababu bolti zimeshika kutu, boya lote ni bomu. Hufunguliwa polepole, bila moto, bila cheche, likaachwa wazi lipate hewa, na mtu hainamishi uso juu ya tundu. Zamani taa za maboya ziliwaka kwa gesi ya asetilini. Aliyezifanya zijiwashe na kujizima zenyewe bila mlinzi alikuwa Gustaf Dalén, mtu wa Sweden, na mwaka 1912 alipewa tuzo ya Nobel. Mwaka huo huo mlipuko wa gesi hiyo ulimpofusha macho yote mawili. Kama mwenye kuijua gesi kuliko watu wote alipata ajali, kibarua aliyeletwa jana na nyundo mkononi atafanya nini?

Kurudisha boya majini ni kazi ya hatari vile vile, na wengine husema zaidi. Jiwe likiachiwa, mnyororo hukimbia nje kwa kasi, na mtu aliyesimama ndani ya kitanzi chake huondoka nao. Mnyororo hupangwa sitahani kwa mistari, ukilala kuelekea maji, na kabla ya kuachia jiwe mkuu wa kazi huhesabu watu na kuangalia miguu ya kila mmoja. Nasisitiza, miguu. Gambuti nazo si viatu vya kazi hii. Zikijaa maji zinakuwa mawe mawili mengine.

Mnyororo ukiwa nje ndipo hujulikana kama boya lingedumu. Sehemu inayoliwa zaidi ni ile inayogusa chini na kunyanyuka kila wimbi linapopita. Viungo husuguana mchana na usiku. Kiungo cha milimita 20 kikisagika mpaka 14, macho yanaona kimepungua kidogo tu. Lakini pima eneo la chuma kilichobaki: ni nusu. Nguvu imekwisha nusu. Ndiyo sababu anayepima kwa kifaa huheshimiwa kuliko anayepima kwa macho, na ndiyo sababu mnyororo haupaswi kurudishwa “kwa mwaka mmoja tu” kwa vile mpya haujanunuliwa.

Urefu wa mnyororo nao ni kisa kirefu hapa kwetu. Maji ya maziwa yetu hupanda na kushuka kwa miaka. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Ziwa Victoria lilipanda kwa zaidi ya mita mbili, na Ziwa Albert nalo likapanda. Bandari ya Butiaba iliharibika, na meli ya Robert Coryndon ikazama pale. Wazee wa Rhino Camp waliokuwa wakingoja meli za mvuke zilizokwenda kati ya Pakwach na Nimule waliyaona maji hayo yakila gati. Mwezi wa Mei 2020 Ziwa Victoria lilipita tena kidogo kiwango cha 1964, na kando ya Nile, Pakwach hata Obongi, watu waliacha nyumba zao. Sasa fikiri boya lililofungwa kwa mnyororo uliopimwa wakati maji yalipokuwa chini. Maji yakipanda, mnyororo unakaza, na boya linavutwa chini mpaka halionekani, nalo bado limefungwa hapo, kichwa cha chuma chini ya maji kikingoja mtumbwi. Au linanyanyua jiwe lake na kutembea nalo, likaonyesha njia mahali pasipo na njia. Mtu anayeliopoa boya kama hilo anakuta mnyororo umekaza kama uzi wa adungu. Akikata pingu, boya linaruka juu. Mnyororo wa namna hiyo hulegezwa kwanza kwa winchi, ndipo ufunguliwe.

Tena kuna visiwa vinavyoelea, mafunjo na tope vilivyoshikana, vinavyosafiri na maji. Mwezi wa Aprili 2020 kisiwa cha namna hiyo kiliingia penye mitambo ya umeme ya Nalubaale, Jinja, na nchi ikakosa umeme. Kama kiliweza kuzima taa za Uganda, boya la kiwanda ni kitu gani? Kisiwa kikilalia mstari wa maboya, hapana mtu kushuka juu yake kukata kwa panga. Juu panaonekana kama nchi, chini ni maji, na ndani yake hukaa nyoka. Hukokotwa na mashine kutoka pembeni, kipande kwa kipande.

Nile ya upande wetu ina wenyewe, viboko na mamba, na watu wa Dadamu wasidanganywe na utulivu wake. Boya lililo karibu na mafunjo ndipo kiboko hupenda kulala mchana. Kuna na mdudu wasiyemwona, wa kichocho. Panyimur na kando zote za Ziwa Albert ugonjwa huu ni mwingi. Mtu anayesimama majini saa nne akifungua mnyororo anaweza kurudi nyumbani salama na baada ya miaka tumbo likavimba. Dawa yake, prazikwanteli, ipo. Wafanyakazi wanaoingia majini wanapaswa kupelekwa hospitali kupimwa na kutibiwa, na gharama hiyo ni ya kazi, si ya mfuko wa kibarua.

Nimesema nitarudi kwa yule kijana wetu. Baada ya mazishi, kiwanda kilisema kwamba alizungusha kamba mkononi kwa uzembe wake mwenyewe, hivyo hakuna fidia. Kilisema tena kwamba alikuwa kibarua wa siku, jina lake halimo katika kitabu. Mjane alipewa mchele, sanda, na nauli ya basi mpaka Arua.

Wenzangu, sheria ya Uganda ya fidia kwa wafanyakazi ya mwaka 2000 inasema wazi kwamba fidia hulipwa hata kama ajali ilitokana na uzembe wa mfanyakazi mwenyewe. Someni tena maneno hayo. Maadamu ajali imetokea kazini, katika kazi aliyotumwa, neno “mzembe” halifungi mlango. Kwa aliyekufa na kuacha wanaomtegemea, hesabu ni mshahara wa miezi sitini. Aliyelemaa kabisa, hivyo hivyo. Aliyepoteza kidole au jicho ana hesabu yake katika jedwali la sheria. Na anayelipwa kwa siku, anayetumwa na nyapara wa kiwanda kwa chombo cha kiwanda, ni mfanyakazi. Tulifuata jambo hilo miezi kumi na minne. Mashahidi walikuwa wale wawili walioshika boya, na mmoja wao alifukuzwa kazi katikati ya shauri. Alisema aliyoyaona hata hivyo. Mjane alilipwa, si kwa wema wa mtu, bali kwa karatasi.

Kuhusu kukataa kazi ya hatari, wengi wanaogopa. Mkataba wa 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema mfanyakazi aliyejiondoa mahali pa kazi kwa sababu ya haki ya kuamini kwamba pana hatari kubwa iliyo karibu kwa maisha yake au afya yake, asiadhibiwe kwa hilo. Unasema pia hatua za usalama zisimgharimu mfanyakazi chochote. Mwezi wa Juni 2022 mkataba huo uliingizwa katika mikataba ya msingi, ambayo kila nchi mwanachama inapaswa kuiheshimu, iwe imetia sahihi au haijatia. Uganda nayo ina sheria yake ya usalama na afya kazini ya mwaka 2006. Basi jaketi la kujiokolea si zawadi, wala halikatwi mshahara, wala halifungiwi stoo siku ya Jumamosi.

Nyapara akija tena na swali lake la nani anajua maji, mjumbe wa chama ndiye ajibu, kwa maswali. Uzito ni kiasi gani? Winchi iko wapi? Nani anatoa ishara? Jaketi ni ngapi na watu ni wangapi? Mashua ya pili ya kuokoa iko wapi, na nani ndani yake anajua kuogelea? Akikosa majibu, watu warudi kwenye kazi zao za kila siku, wote pamoja, bila matusi. Mtu mmoja akikataa peke yake huitwa mkaidi. Kumi wakikataa, msimamizi hupiga simu kuita mashua yenye winchi. Hivyo ndivyo ilivyokuwa katika kile kiwanda mwaka uliofuata, na boya lile lile lilitolewa na watu wanne kwa saa mbili, hakuna aliyelowa.

Wale wa Dadamu na Koboko mliorudi nyumbani na jeraha la kazi iliyofanyika kusini, msikae nalo. Toeni habari ya ajali mapema, msiache mwezi upite, na kama umepita njooni hata hivyo tuangalie. Njooni na cheti cha daktari, karatasi yoyote ya malipo hata iwe imeandikwa kwa kalamu ya risasi, na majina ya wawili watatu waliokuwapo. Kama hakuna karatasi, ujumbe wa malipo uliobaki katika simu unafaa. Tutakwenda pamoja kwa ofisa wa kazi wa wilaya. Nauli ya kufika ofisini kwetu ni shida kwa wengi, najua. Mpeni habari mjumbe aliye karibu, naye atakuja kwenu.